Msiguse, rangi haijakauka!

Jamani, kitu ambacho rangi yake haijakauka hakiguswi. Mbona hili ni gumu kueleweka? Ninaunda sanamu ya plastiki ya Joker, yule adui wa Batman aliyeanza kuonekana kwenye vitabu vya katuni vya Marekani mwaka 1940: suti ya zambarau, nywele za kijani, uso mweupe pe. Huo uso ndio kazi yenyewe. Nyeupe haifuniki kwa mkupuo mmoja. Unapaka nyembamba, unasubiri, unapaka tena, ndipo uchore midomo kwa brashi nyembamba kabisa. Akaja mgeni barazani, "Imekauka hii?" na kidole tayari kiko shavuni. Alama imebaki pale, mistari ya kidole chake yote unaihesabu. Sasa ni msasa na kuanza upya.

Na hapa Lamu kukauka kwenyewe ni vita. Kusi likivuma hewa imejaa maji. Ukipuliza vanishi siku kama hiyo, tina, yaani kile kiyeyusho cha kuilainisha, huruka haraka, uso wa rangi unapoa, unyevu unanasa na vanishi inageuka ukungu mweupe. Ukifungua dirisha, mchanga. Ukifunga, harufu inakutoa mbio. Rangi ya madukani ni ya majahazi na milango, nzito, inaziba kila mkunjo wa koti.

Hali ya hewa naivumilia, haina masikio. Mtu anayo. Ukiambiwa usiguse, weka mikono mapajani, utazame utakavyo. Hata vifungo vya koti nitakuonyesha.