Simba Hapatikani

Seva ya mafaili ya ofisi yetu, kampuni ndogo ya kutoa mizigo bandarini Dar es Salaam, inaitwa simba. Aliyeifunga ni fundi aliyenitangulia, na timu yake hakuificha. Kwa hiyo Jumatatu asubuhi karani wa nyaraka alipopaza sauti, "Jamani, simba hapatikani!", watu wa Yanga wote walipiga makofi.

Makofi yakaisha printa nayo ilipogoma. Bosi akatoka. "Kontena la mteja linahesabiwa storeji, nyie mnashangilia?"

Nikakaa kwenye kompyuta ya karani. Nikapiga pingi, yaani hodi ya mtandaoni, kwa 192.168.1.10, namba ya seva: inajibu. Nikapiga kwa jina: kimya. Basi seva ni nzima, mgonjwa ni DNS. DNS ni mjumbe wa nyumba kumi: unamtajia jina, anakuonyesha nyumba. Nikaandika ipconfig /flushdns, amri ya kufuta majina ambayo kompyuta imeyakariri. "Umefuta mafaili yangu?" Hapana, dada.

Cha ajabu, kompyuta ya jirani yake ilikuwa inafungua kila kitu. Wakaizima na kuiwasha, sijui kwa nini, watu wanapenda tu kuzima, nayo ikapofuka. Ya karani kuzimwa na kuwashwa, ikapona. Bosi akashauri tuombe.

Aliyesema ukweli ni ipconfig /all, amri inayoonyesha kompyuta imepewa nini na mtandao. Ruta yetu, ambayo ndiyo DNS yetu, ni 192.168.1.1, lakini kompyuta iliyopofuka ilipewa DNS 192.168.1.254. Nani huyo? Kumbe mle ndani kuna mjumbe wa pili: kompyuta ikiwaka inaomba anwani, na ruta inayowahi kujibu ndiyo inayoipa, pamoja na DNS. Huyu naye anagawa, na mtaa wenyewe haujui.

Nikafuata waya kutoka kwenye swichi, natambaa chini ya meza za watu, mpaka kwa Mama Mhasibu. Juu ya kabati lake, chini ya kitambaa cha kufuma na ua la plastiki, taa za kijani zinakonyeza.

"Shikamoo mama. Hii nini?"

"Marahaba mwanangu. Ruta ya nyumbani. Waifai yenu hainifikii huku."

"Na waya umeuchomeka wapi?"

"Si penye tundu!"

Nikachomoa. Nikapita kila meza na ipconfig /release, kuachia anwani, kisha /renew, kuomba upya, na simba akapatikana, printa ikatema makaratasi ya tangu asubuhi.

Bosi hajamaliza kushukuru, mlangoni akasimama mama lishe wa chini, mwiko mkononi.

"Jamani, siku zote inakamata na kukata, leo haipo kabisa. Na mimi mwezi huu nimeshalipa."

Tukamgeukia Mama Mhasibu. Ghafla alikuwa na hesabu nyingi sana za kufunga.