Kahawa ya Shangazi

Alama zangu ziliporomoka wiki ileile theluji ilipolifukia gari la shangazi, ikawa nyumba moja ina misiba miwili. Ule wa gari ulimalizwa na beleshi. Wangu haukuwa na chombo.

Kwa wasioujua huo mtihani: LSAT ndio mlango wa vyuo vingi vya sheria hapa Marekani. Alama zinaanzia 120, ambazo unapewa hata ukikoroma mwanzo mpaka mwisho, na kileleni ni 180. Kuna sehemu nne za dakika 35 kila moja. Tatu zinahesabiwa: mbili za kuchambua hoja na moja ya kusoma na kuelewa. Ya nne wenyewe wanajaribia maswali yao ya siku zijazo, na hawakwambii ni ipi. Yaani robo nzima ya mtihani unawafanyia watu kazi ya bure, tena kwa bidii, maana hujui ni robo gani.

Zamani kulikuwa na sehemu nyingine ya mafumbo: wageni saba, viti saba, huyu hataki kukaa karibu na yule. Mtu mmoja asiyeona alishtaki kwamba mafumbo yale yanamtaka mtahiniwa achore michoro, wakapatana mwaka 2019, na Agosti 2024 sehemu hiyo ikaondolewa. Shangazi alisikitika kweli. Yeye hupanga viti kwenye harusi za watu wa kwetu hapa Minneapolis, na anasema hiyo ndiyo sehemu pekee iliyokuwa na maana kwa mwanasheria.

Basi, mazoezi yalikuwa yanakwenda vizuri. Nilifika 164. Kupungua mbili tatu si habari. Hata matokeo rasmi yanakuja na upeo wake, kama alama tatu juu na tatu chini. Mimi nikapata 155. Nikapumzika, nikarudia, nikapata 153. Kichwa kinagonga, na ikifika sehemu ya tatu kope zinafunga duka. Nilipewa habari ndefu kuhusu kuvu na mizizi ya miti, nikaisoma aya ya pili mara nyingi hadi nikaona aibu mbele ya ile miti.

Ushauri ukaanza kumiminika. Mama, kutoka Tanga, kwa WhatsApp: "Ni jicho hilo. Ulimwambia nani alama zako?" Nilimwambia yeye peke yake. Yeye ndiye aliyezipeleka kwenye kundi la familia, lenye watu ambao mimi hata siwajui.

Binamu yangu, aliyepita njia hiyo, alisema nifungue daftari la makosa: kila swali ulilokosa, andika kwa nini ulivutiwa na jibu baya. Nikaandika kwa uaminifu. Ukurasa wa kwanza: nilisinzia. Wa pili: nilisinzia tena.

Shangazi hakuhitaji daftari. Yeye anafanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya kulea wazee, na akirudi alfajiri hunikuta mezani na kompyuta na kikombe. "Ni hiyo kahawa, mwanangu. Tazama kichwa kinavyokuuma." Nami nikipata hoja kama hiyo asubuhi, naongeza kikombe ili niimudu.

Jumamosi moja akaja jirani yetu, mzee kutoka Bukavu ambaye daktari amemkataza kahawa kwa ajili ya moyo. Akaketi, akauliza kwa adabu zake zote: "Mama, ile kahawa ya munganga iko bado?"

"Ipo, baba. Hiyo hiyo anayokunywa huyu."

Kisha shangazi akawa na shughuli nyingi sana na birika.

Ikabidi aseme. Alikuwa amemwaga kahawa yangu, akajaza kopo lilelile kahawa iliyotolewa kafeini, yaani kile kinachofukuza usingizi. "Nilikuonea huruma. Moyo ukikupasuka nitamwambia nini mama yako? Na tazama, kichwa ndipo kikaanza kuuma! Umeona kahawa ilivyokuwa imekuharibu?"

Mzee akatikisa kichwa kukubali. Mimi nilikuwa nimeshachukua kalamu, maana swali kama hilo watu wanalilipia. Aliyezoea kahawa akikatiwa ghafla, kichwa humuuma na usingizi humlemea; maumivu ni ya kuacha, si ya kunywa. Nikaliandika upya kama la mtihani: mwanamke fulani, mpwa fulani, kinywaji fulani, na majibu matano, A hadi E. Nikamsomea shangazi, nikamuuliza hoja hii ina kasoro gani.

Hakutazama saa wala kufikiri. "C. Amechukua maumivu ya kuacha akayahesabu kuwa ya kunywa. Mjinga gani huyo?"

"Ni wewe, shangazi."

"Basi jibu ni B."

Mzee naye akasema B, na kikombe chake mkononi.

Nilinunua kopo jipya, nikaliweka chumbani kwangu nyuma ya viatu. Baada ya siku chache kichwa kikatulia, usingizi ukarudi usiku unakostahili kukaa, na jaribio lililofuata likanipa 163. Sikumwambia mtu. Lakini shangazi aliiona karatasi mezani, na kabla sijavua koti alikuwa ameshampigia mama, sauti imefunguliwa ili nami nisikie.

"Nilimpumzisha damu kwanza, wifi yangu. Mwili ukajisafisha. Sasa alama hizo zimerudi zenyewe!"

Nilifungua mdomo kuwaeleza kwamba kitu kikitangulia kingine si lazima kiwe ndicho kilichokisababisha. Mama alikuwa ameshaanza kumwombea shangazi dua ndefu ya shukrani, nikaitikia amina. Jioni hiyo alama 163 zilikuwa kwenye kundi la familia.