Mtini wa ndoo: Violette de Bordeaux na kalenda ya mkasi

Tini mbichi ya supamaketi, iwe Nairobi au Dubai, karibu kila mara imechumwa kabla ya wakati wake. Muuzaji hana hila hapo. Tini iliyoiva sawasawa haivumilii safari, inachubuka kwa kuguswa tu, na tofauti na embe au ndizi, ikishatoka mtini haiendelei kuiva. Italainika, lakini sukari haiongezeki. Ndiyo maana wengi wakiionja mara ya kwanza huona ni tunda la majimaji, wakabaki kujiuliza imekuwaje likaapiwa pamoja na zeituni. Anayetaka kuijua tini hana budi kuipanda mwenyewe. Kwa nyumba yenye ua mdogo au baraza tu, naona aina ya kuanza nayo ni Violette de Bordeaux, kwa sharti moja: ipogolewe kwa kufuata mvua za mahali ulipo, si kwa maelekezo yaliyoandikiwa Ulaya.

Kwanza tuondoe njia moja ya mkato. Ramadhani ikifika, tini kavu hujaa madukani, na hakosi mtu wa kukamua mbegu na kuzisia. Zinaota, tena vizuri. Shida ni kile kinachoota. Tini kavu nyingi za Uturuki ni za kundi la Smyrna, ambalo halishiki tunda mpaka nyigu mdogo sana, Blastophaga psenes, aingie na chavua kupitia kitundu kilicho kitakoni mwa tunda, yaani jicho. Wakulima wa California walioipeleka miti hiyo kwao walitazama matunda yakidondoka machanga miaka na miaka, hadi nyigu huyo alipostawi huko mwaka 1899. Miche ya mbegu hizo takriban nusu yake hutoka ya kiume, matunda yake makavu yasiyolika, na mingi kati ya ile ya kike hupukutisha kila inachozaa. Panda kipandikizi, yaani kijiti kilichokatwa kwenye mti, cha aina yenye jina, kutoka kundi lisilohitaji nyigu: Brown Turkey, Kadota, Black Mission au hii Violette de Bordeaux.

Kwa nini hii, wakati Brown Turkey ndiyo rahisi kuipata kwa wauza miche? Brown Turkey ni mti wa nguvu, unazaa sana, na tunda lake ni kubwa. Lakini utamu wake ni wa sukari tupu, na jicho la tunda huachama, jambo ambalo kwenye nchi ya mvua ni mlango wa wadudu. Violette de Bordeaux, ambayo wengine huiita Negronne, ina tunda dogo, nyingi hazifiki gramu 40, lakini ngozi yake ni zambarau inayokaribia weusi na nyama yake ni nyekundu, tamu yenye uchachu kidogo, kama jemu ya stroberi iliyopikwa bila haraka. Mti wenyewe ni mfupi, pingili zake zimekaribiana, kwa hiyo chombo cha lita 40 kinautosha miaka mingi. Jani lake limechanika sana, lina vidole vitano vyembamba. Ukiuziwa mche wenye majani mapana yasiyochanika, shuku, ila usihukumu kwa majani ya kwanza: mche mchanga hubadilisha sura ya jani. Subiri tawi litoe angalau majani kumi.

Ina kasoro moja kubwa, na wauzaji hawaisemi. Miti mingi ya aina hii imebeba virusi vya mozaiki. Jani huwa na mabaka ya manjano yasiyo na mpaka, na likizidiwa hujikunja na kupinda upande. Virusi hivi vinaenezwa na utitiri usioonekana kwa macho na, zaidi ya hapo, na vipandikizi vyenyewe. Dawa hakuna. Mti wenye mozaiki kidogo, ukila vizuri na kukaa juani, huzaa kama kawaida. Mti uliodumaa, unaotoa majani yaliyojikunja kila chipukizi, haustahili nafasi ya ndoo yako. Kwa hiyo usikubali kipandikizi bila kuuona mti mama, na usiingize vijiti kutoka nje ya nchi mfukoni mwa begi. Kibali cha mamlaka ya afya ya mimea, KEPHIS kwa Kenya au TPHPA kwa Tanzania, kinazuia mambo haya haya.

Kipandikizi kizuri ni cha tawi lililokomaa, la rangi ya kijivu, unene wa penseli hadi kidole gumba, urefu wa sentimita 20 hadi 25, chenye vifundo vinne. Kata chini kidogo tu ya kifundo cha mwisho, acha utomvu ukauke siku moja kivulini, kisha kizike theluthi mbili. Udongo wa kuoteshea usiwe na samadi: mchanga wa mto nusu, vumbi la makumbi ya nazi nusu. Nyevusha mara moja, kamua konzi moja, yasitoke maji. Weka kivulini penye mwanga. Hapa ndipo wengi huua. Baada ya majuma mawili au matatu majani hutokeza, mtu akafurahi, akaanza kumwagilia kila siku. Majani hayo yanakula akiba iliyomo ndani ya kijiti, mizizi bado, na maji mengi huozesha kile kidonda cha chini. Tumia mfuko wa plastiki au chupa inayoona ndani, usihamishe wala kulisha mpaka uone mizizi imegusa ukuta. Kwa kawaida ni kati ya juma la nne na la nane.

Chombo cha kwanza ni ndoo ya lita 20 iliyotobolewa matundu kumi kitakoni. Baada ya mwaka hamishia cha lita 40. Changanya udongo wa bustani sehemu mbili, mboji iliyooza sehemu moja, mchanga mkubwa sehemu moja. Kiinue juu ya matofali, maana mizizi ya mtini ikitoka chini na kuonja ardhi, faida ya ndoo imekwisha: mti utakimbilia majani, na kwenye udongo wa kichanga minyoo fundo wataingia. Minyoo hao ndio adui mkubwa wa mtini uliopandwa ardhini, na mizizi yenye vinundu haiponi. Mbolea isiwe nyingi. Kijiko kimoja cha chakula cha NPK 17:17:17 kila baada ya majuma matano, kuanzia machipukizi hadi matunda yafikie ukubwa wa gololi, kisha acha. Urea na kinyesi kibichi cha kuku vitakupa mti mzuri wa kivuli usio na hata tini moja.

Sasa kalenda. Tini za msimu mkuu huzaliwa kwenye tawi jipya, kikwapani mwa jani, mara nyingi kuanzia jani la tano au la sita. Ukikata, unaanzisha saa: machipukizi hufumka ndani ya majuma mawili au matatu, vitunda vidogo huonekana majuma sita hadi manane baadaye, na kutoka hapo ni siku 90 hadi 110 mpaka kuiva. Jumla ni miezi mitano na kitu. Kazi yako ni kuifanya miezi hiyo iishie kwenye jua. Nairobi, Machakos, Arusha au Moshi, kipindi kikavu chenye joto ni Januari na Februari, kwa hiyo kata mwanzoni mwa Agosti. Ukikata Novemba, tini zitaiva masika, na tini ya masika hupasuka, huchacha, na hata ikisalimika ina ladha ya maji. Dodoma na Iringa, penye msimu mmoja wa mvua, kata Aprili ili uchume Septemba na Oktoba. Baridi ya Juni na Julai huchelewesha, hesabu mwezi wa ziada ukiwa nyanda za juu.

Majuma matatu kabla ya kukata punguza maji nusu, kisha ng'oa majani yote yaliyobaki. Acha shina na matawi matatu au manne, kila moja na vifundo viwili au vitatu tu. Inaonekana ni ukatili. Lakini mji wa Valinhos, jimbo la São Paulo nchini Brazil, umejenga jina lake la tini juu ya ukataji wa namna hii, kila mwaka, kwa aina moja iitwayo Roxo de Valinhos. Kweli unapoteza zile tini chache za mapema zinazoota kwenye mti wa zamani. Hazina hasara kubwa. Huwa nene na mara nyingi zimepoa ladha. Tawi jipya likifika majani saba, bana ncha yake kwa kucha ili nguvu irudi kwenye matunda.

Vaa mikono mirefu na glavu. Utomvu mweupe wa mtini ukipigwa na jua juu ya ngozi hutoa malengelenge, kisha doa jeusi linalokaa majuma. Kata jioni, nawa kwa sabuni.

Matunda yakianza kujaa, umwagiliaji uwe sawa kila siku, lita mbili hadi nne kwa ndoo kubwa kutegemea joto, asubuhi, udongoni si majani. Kuuacha mti ukanyauka kisha kuufurikisha ndiko kunakopasua tunda. Madoa ya kahawia yenye unga chini ya jani ni kutu. Okota majani yote yaliyoanguka uyachome, nyunyiza dawa ya kopa kabla matunda hayajaanza kulainika. Pwani kutu haikwepeki, na hapo namshauri mtu aweke ndoo chini ya ukingo wa paa, mahali jua linafika na mvua haifiki. Tunda linalotoa povu jichoni na kunuka siki limechachushwa na hamira iliyoletwa na nzi au mbawakawa. Litoe siku hiyo hiyo, litawaita wengine. Chandarua kikuukuu kilichoshonwa vijifuko, kimoja kwa kila tini, kinazuia nzi na ndege kwa pamoja.

Kuchuma kuna alama zake, na rangi peke yake haimo, kwa sababu aina hii hupiga weusi siku kadhaa kabla ya kuwa tayari. Shingo iwe imelegea na tunda linaning'inia. Ngozi iwe na mistari myembamba ya mipasuko. Ukilinyanyua kidogo, kikonyo kiachie bila kuvutwa, na pasitoke maziwa. Maziwa yakitoka, umewahi. Siku chache hizo za mwisho ndizo zinazoongeza sehemu kubwa ya uzito na sukari, kwa hiyo pupa ya siku mbili inakula utamu wote.

Usiionje kutoka friji. Ichume asubuhi, iache kivulini ipate joto la chumba, ipasue kwa urefu. Onja nyama peke yake kwanza, ndipo ngozi: ngozi ya Violette de Bordeaux ndiyo yenye ule uchachu, na anayeimenya anatupa nusu ya sababu ya kuipanda. Onja tini tatu za siku tofauti kabla ya kutoa hukumu, na tini za mwaka wa kwanza usizihesabu kabisa, zina maji na nyama yake imepauka. Msimu wa tatu ukiisha na bado ladha ni hafifu, ilhali jua lilikuwepo kwa muda wa saa sita kila siku na mvua haikugusa matunda, huo mche si aina uliyoambiwa au mozaiki imeulemea. Ung'oe, osha ndoo, weka udongo mpya, tafuta mti mama mwingine.