Rangi ya Biriani kwenye Kanzu ya Ijumaa

Mwenye nyumba, huko Kibokoni, alishakata shauri: bomba limeziba, tuvunje ukuta. Nikamwambia, "Ami, tupime filta kwanza."

Kupima kwenyewe si kazi. Unafunga tii mbili, vile viungo vya bomba vya midomo mitatu, moja kabla ya filta na moja baada yake, kila tii unaipandishia mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ule wa mafundi wa levo, wa milimita 6. Unaugongagonga mpaka mapovu yatoke. Povu moja likibaki, kipimo ni uongo. Kisha mfereji wa chini ufunguliwe. Ukifungwa, maji hayatembei, na mipira yote miwili husimama sawa na maji ya tangi hata kama filta imejaa tope.

Maji ya tangi yalikuwa mita 4 juu ya filta, kwa hivyo kila mpira lazima upite mita 4. Ami, mkono wa birika, akanunua mita 6 tu. "Wa kwanza ukate minne na nusu. Huo wa pili maji hayapandi, ya nini kuharibu pesa?"

Na kweli hayakupanda. Nikatia matone ya rangi ya biriani tuone vizuri: kabla ya filta sentimita 380, baada yake 60. Tofauti mita 3.2, yaani shinikizo la kilopaskali 31 hivi, zote zinaliwa na filta! Ami, kanzu nyeupe imepigwa pasi tayari kwa Ijumaa, akainama kuchungulia mdomo wa mpira mfupi.

Bibi wa chini, ndoo yake imejaa, akafunga mfereji.

Rangi ikapanda, ikapita 150, ikamtoka Ami ndevuni. Ilikuwa chemchemi ya urefu wa kidole tu, lakini Ami akaiziba kwa gumba, na tundu likibana maji hukasirika: kifua, mkono, kofia.

"Funga! Funga!"

"Si kufunga, Ami, ni kufungua! Bibi, fungua mfereji!"

Akafungua. Maji yakashuka hadi 60, na rangi yote ikamezwa na bomba. Kimya kidogo, kisha sauti kutoka chini: "Fundi, maji haya yamebakisha nyama tu!"

Filta ilitoa tope la kujaza kopo. Mpira mrefu ukanunuliwa, tukapima upya: tofauti sentimita 25. Ami alisoma kipimo akiwa na kikoi, akauliza kama duka litakipokea kile kipande cha mita moja na nusu.