Kuinua pua ya pikapu: ujifanyie mwenyewe au umpelekee fundi?

Ukisimama asubuhi kando ya Barabara ya Kirinyaga, pale wazee wanapopaita Grogan hadi leo, utaona pikapu nyingi zimeinamisha pua na kuinua mkia. Hazijaharibika. Kiwanda kilizitengeneza hivyo makusudi, ili nyuma ikipakiwa mzigo gari likae sawa. Ila mwenye Hilux au D-Max asiyebeba mzigo mara kwa mara huitazama pua hiyo na kutamani kuipandisha. Kifaa chenyewe ni kidogo: spesa, yaani kipande cha kuongezea urefu, ya unene wa 25 mm hivi inayokaa juu ya shokabu ya mbele. Kwa kuwa shokabu imefungwa katikati ya mkono wa chini (chuma kinachoshika gurudumu kwenye fremu), wala si mwishoni karibu na gurudumu, hizo 25 mm huinua gari kwa karibu 50 mm.

Wanaojifungia wenyewe wana hoja nzito. Spesa ya aina hiyo haihitaji kufungua springi. Unainua gari, unatoa gurudumu, unafungua boli jointi ya juu (kiungo kati ya mkono wa juu na kitovu cha gurudumu), nati tatu za juu ya shokabu na bolti moja ya chini, na mguu mzima wa shokabu unatoka springi ikiwa bado imefungiwa humo. Jambo la kuangalia ni moja: boli jointi ikishafunguka, kitovu cha gurudumu hulala nje, na kisipofungwa kamba huvuta paipu ya breki na kuweza kuchomoa ekseli. Mtu mwenye soketi nzuri, spana ya toki (ile inayopima nguvu ya kukaza) na mwenzake wa kushika atamaliza pande zote mbili Jumamosi moja, na atajua kila nati ilikazwa vipi.

Taabu yetu Nairobi ni pa kufanyia. Wengi tunaishi kwenye fleti, maegesho ni ya kabro na yana mteremko, na msimamizi wa ploti hataki kuona grisi. Stendi ya kushikilia gari yenye miguu myembamba huzama kwenye kabro, kwa hiyo kila moja inataka ubao mnene chini yake. Jeki iliyokuja na gari ni ya kubadilisha tairi tu. Niliwahi kumkuta jirani ameingiza kichwa chini ya Hilux iliyoshikiliwa na jeki hiyo pekee, nikamsihi atoke. Hapo sina pande mbili za kupima: kama huna stendi mbili imara, peleka gari gereji.

Fundi naye ana alichotuzidi. Anajua kulainisha bolti iliyoshikwa na kutu bila kuikata, na ana mashine ya kubana springi. Mashine hiyo ni lazima kwa spesa zile nyingine, zinazoingia kati ya springi na kikombe chake cha juu. Springi iliyobanwa ikifyatuka inaweza kumuua mtu, na hizo singemshauri yeyote azijaribu nyumbani. Vivyo hivyo baadhi ya pikapu za zamani zenye fito ndefu ya chuma inayojipinda badala ya springi: kuzungusha bolti yake huonekana kazi ya mtoto, kumbe nguvu iliyomo ni ileile.

Lakini kazi yenyewe, kwa maoni yangu, huanza spesa ikishaingia, na hapo ndipo pande zote mbili huteleza. Pikapu yangu niliipeleka kwa fundi. Saa mbili tu ikawa tayari, nikafurahi. Baada ya miezi michache upande wa kushoto ukaanza kutoa mlio kila nikipanda tuta. Bushi, zile mpira za kwenye maungio, zilikuwa zimechanika. Bolti ya chini ya shokabu na zile za mkono zilikazwa gari likiwa juu, miguu inaning'inia. Bushi ya mpira hushika pale ilipokazwa. Gari likishuka, mpira hubaki umesokotwa, na kila tuta huzidi kuusokota. Ilitakiwa bolti zishikizwe tu, gari lishushwe, litikiswe, ndipo zikazwe kabisa. Ni kazi ya dakika chache, lakini fundi analipwa kwa gari na lingine linasubiri langoni.

Nyumbani haraka hiyo haipo, ila mashine ya alainimenti, ya kunyoosha magurudumu, pia haipo. Pua ikipanda, magurudumu hubadilisha mlalo na usukani hupoteza ile tabia ya kujirudisha katikati. Ukiacha hivyo, tairi mpya italiwa ukingo mmoja. Kwa hiyo alainimenti utailipia tu, na anayejifanyia huokoa ujira wa kufunga tu. Taa za mbele nazo huinuka na pua. Skrubu ya kuzishusha iko nyuma ya taa, lakini karibu kila mtu huisahau, na anayekuja mbele yako usiku kwenye Thika Road ndiye anayepofuka.

Kwa anayeshusha magunia ya viazi kutoka Kinangop hadi soko la Marikiti, nasema pua aiache ilivyo. Akisawazisha gari likiwa tupu, likipakiwa litaangalia juu na usukani utakuwa mwepesi kupita kiasi.

Mimi, nikiirudia kazi hii, nitafunga spesa mwenyewe kwa shemeji yangu Ruiru, kwenye sakafu ya zege. Kisha nitaendesha polepole hadi kwa watu wa alainimenti, niwaombe walegeze bolti za mkono na kuzikaza upya gari likiwa chini, nikiwa nimesimama hapohapo. Nikirudi nitashusha taa nikiangalia ukuta, na baada ya kilomita 500 hivi nitaipitia kila nati kwa spana ya toki.