Ghorofa ya kumi na nne Upanga au nyumba mbili Goba?

Huu ubishi hauishi hapa Dar: ununue apatimenti ghorofani katikati ya mji au ukajenge pembezoni. Kaeni watu watano mezani, mmoja ataje tu kwamba fulani kanunua apatimenti ghorofa ya kumi na nne Upanga kwa milioni mia nne na kitu, hapo hapo kuna atakayepiga hesabu: kwa hela iyo mi nashusha Goba nyumba mbili, moja nakaa moja napangisha, na ya kuchimba kisima inabaki. Alafu kuna yule mwingine anayekaa Goba kweli, anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kila siku ya Mungu, yeye anakunywa soda yake kimya.

Niseme mapema nimewahi kupanga kwenye hayo maghorofa na saivi sikai uko, kwa iyo siongei kwa wivu na wala siuzi. Na nikisema ghorofa hapa nazungumzia yale ya lifti, jenereta, bwawa la kuogelea, jimu na mlinzi anayepiga saluti, ya Upanga, Masaki, Oysterbay mpaka pale Morocco, zile flati za zamani za Shirika la Nyumba (NHC) zenye ngazi tu hazimo kwenye huu mjadala.

Tuanze na haki yao wanaokaa juu. Sensa ya 2012 ilikuta Dar watu 4,364,541, ya 2022 ikakuta 5,383,728, yani tumeongezeka milioni nzima ndani ya miaka kumi na hao milioni hawajaenda kukaa Posta, wameenda Chamazi, Chanika, Bunju, Goba, wengine wamevuka kabisa mpaka Kibaha uko, wakati ofisi, mahakama, Muhimbili, bandari na Kariakoo ziko pale pale zilipokuwa. Kwa iyo mtu wa Upanga anachonunua kwanza ni muda. Anaamka saa kumi na mbili na nusu anakunywa chai na watoto, mtoto mwenyewe hapandi basi la shule saa kumi na moja alfajiri akiwa anasinzia, jioni baba anafika akiwa bado mtu. Hii haionekani kwenye hesabu ya matofali na ndo maana watu wa kiwanja, wale wa nunua kiwanja ujenge, huwa wanashinda mezani tu, asubuhi barabarani wanashindwa.

Kuna na usalama pia. Tusijifanye tumesahau jinsi magenge ya vijana, wale panya road, walivyosumbua 2022, watu wanaingiliwa ndani na mapanga, na mdada anayeishi peke yake akikwambia analala vizuri kwa sababu kuna geti, kamera na mtu macho usiku kucha mi siwezi kumwambia anaringa. Mafuriko ya Msimbazi anayaona kwenye simu. Mbu kule juu ni wachache, upepo upo, ukifungua dirisha la upande wa bahari jioni unaweza kusahau kwamba Dar ni tanuri. Faida hizi ni za kweli na mtu mwenye hela anayezilipia sio mjinga.

Sa tuje kwenye mzizi wenyewe. Ukinunua nyumba ya chini ukakatiwa umeme, unawasha taa ya chaji unakaa barazani, maji yakikata unamwita mtu wa mkokoteni. Kwenye ghorofa refu kila kitu kimefungwa kwenye kamba moja: maji yako chini kwenye tangi la ardhini, pampu ndo inayapandisha mpaka tangi la juu ya paa, pampu inataka umeme, umeme ukikatika inataka jenereta, jenereta inataka dizeli, na dizeli inatoka kwenye sevis chaji, ule mchango wa kila mwezi wa kuendesha jengo. Sevis chaji ikilegea, choo cha ghorofa ya kumi na nne hakiflashi. Mwisho wa 2022 mto Ruvu ulipopungua DAWASA, watu wa maji wa Dar, wakatangaza mgao wa maji, alafu 2023 kuelekea 2024 ukaja mgao wa umeme kabla mitambo ya bwawa la umeme la Nyerere haijaanza kusukuma, na hapo ndo ikajulikana jengo lipi ni la kifahari na lipi lina vigae vizuri tu.

Tupige hesabu ya mfano. Jengo lina apatimenti arobaini, kila moja inatakiwa kulipa laki tatu kwa mwezi, hiyo ni milioni kumi na mbili. Jenereta kubwa la kubeba lifti, pampu na eisii za watu linaweza kunywa lita kama arobaini kwa saa likiwa na mzigo, dizeli tuiweke elfu tatu lita, saa moja laki na ishirini elfu. Umeme ukikatika saa sita kwa siku, siku ishirini ndani ya mwezi, mmeshachoma milioni kumi na nne na laki nne, na hamjamlipa mlinzi, hamjamlipa wa usafi, fundi lifti hajaitwa, maji ya bwawa yanageuka kijani. Na hapo nimejifanya kwamba wote arobaini wamelipa! Hawalipi. Mmoja yuko Uingereza, mwingine kanunua kama akiba na hajaweka hata pazia, mwingine anasema mimi nakaa ghorofa ya kwanza lifti siitumii kwa nini nichangie lifti.

Pale nilipopanga mimi lifti moja kati ya mbili ilikufa, ikabandikwa karatasi ya A4 kwa selotepu, "Ndugu wakazi, kifaa kimeagizwa nje, tunaomba uvumilivu", ile karatasi ikakaa mpaka kona zikajikunja na wino ukapauka. Iliyobaki ikawa inabeba kila kitu, wakazi, wageni, mafundi na vitoroli vyao vya saruji, uchafu wa jikoni, yule mbwa mkubwa wa ghorofa ya tisa. Siku nayo ikagoma nikakutana kwenye ngazi na binti wa kazi wa jirani na mtungi wa gesi ule mkubwa, anaupandisha kidogo anautua, anaupandisha anautua, jasho linamtoka, kashafika ya sita na anaenda ya kumi na moja. Bosi wake alikuwa analipa kodi ya mwezi ambayo ni mshahara wa yule binti wa miaka kadhaa. Tukasaidiana, lakini nilipofika kwangu nikaanza kuuliza maswali ambayo ningeuliza kabla ya kusaini mkataba.

Swali la kwanza ni nani mwenye jengo. Tuna Sheria ya umiliki wa sehemu za jengo ya mwaka 2008, watu wa ardhi wanaiita tu yunit taito. Kwa lugha nyepesi inakuwezesha kupata hati ya apatimenti yako mwenyewe, pamoja na fungu lako kwenye vitu vya wote: ngazi, lifti, paa, paking, kile kiwanja chenyewe. Na wenye sehemu wanatakiwa wawe na chama chao cha kuendesha jengo. Kwenye karatasi iko vizuri. Mtaani unakuta mtu kalipa hela yote, kakabidhiwa funguo na mkataba wa mauzo, hati ya jengo zima bado iko kwa developa, yani aliyejenga na kuuza, na pengine iko benki imewekwa dhamana, chama cha wamiliki hakijawahi kukaa hata kikao kimoja, na kampuni inayokusanya sevis chaji ni ya huyo huyo developa. Huyo mtu anajiita mwenye nyumba, kiuhalisia ni mpangaji aliyelipa kodi ya maisha kwa mkupuo. Na kumbuka ardhi yenyewe ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini, hati ndefu kabisa ni miaka 99, kwa iyo uliza pia imebaki mingapi kwenye hati mama, ile ya kiwanja kizima, maana sio zote zilianza jana.

Swali la pili ni jengo lipo au lipo kwenye picha. Kununua kwenye ramani bei inakuwa tamu ila angalia hata miradi ya mashirika ya umma yenye jina, Morocco Square ya NHC ilisimama miaka kadhaa kabla haijamalizika, ile ya Kawe nayo ikasimama, Dege kule Kigamboni ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ndo kabisa ikageuka magofu yanayotazama bahari. Kama shirika la serikali linakwama, developa mwenye ofisi ya vyumba viwili naye anaweza kukwama na hela yako ikiwa tayari ni nondo.

Kuhusu kuporomoka, watu wanapenda kukumbushia Ijumaa Kuu ya 2013, tarehe 29 Machi, jengo la ghorofa 16 pale Mtaa wa Indira Gandhi likaanguka likiwa kwenye ujenzi wakafa watu 36, na tena Novemba 2024 likaanguka la maduka Kariakoo. Ni haki kukumbushia. Ila mi nachoogopa zaidi ni moto, kwa sababu ni kitu unachoweza kukikagua mwenyewe na watu hawakagui. Siku ya kwenda kuangalia apatimenti achana na dalali anayekuonyesha bahari, shuka kwa ngazi ya dharura kwa miguu toka juu mpaka chini. Utakutana na magodoro, baiskeli, makopo ya rangi, na mara nyingi chini kabisa kuna mlango umefungwa kufuli "kwa ajili ya usalama".

Alafu kuna hili la msiba, ambalo wazungumzaji wa mambo ya nyumba wanalipita juu juu na mimi naona ndo kubwa.

Mtu wa Dar akifiwa kinachotakiwa kwanza ni uwanja. Turubai, viti vya plastiki, masufuria, kuni au mkaa, kina mama ndani kwenye mikeka, kina baba nje na daftari la rambirambi, watu wanalala siku tatu. Haya, ulete ghorofani. Watu mia mbili waandike majina na namba za simu getini? Mkaa hauruhusiwi, ukumbi wa jengo unabukiwa na unafungwa saa nne usiku, paking ni magari mawili kwa apatimenti, na jeneza kwenye lifti ile ya watu nane linaingia kwa kusimamishwa, samahani kwa kulisema hivyo ila ndo ukweli. Kinachotokea ni kwamba msiba unahamia kwa kaka mkubwa Tandika au kwa shangazi Mbagala. Mwenye apatimenti ya milioni mia nne anafiwa na mama yake na anapokea rambirambi kwenye uwanja wa mtu mwingine, nyumba ambayo hata bati hajawahi kuichangia. Ukiangalia vizuri maisha ya ghorofani kwa wengi wetu yanabebwa na nyumba moja ya chini mahali fulani, inayopokea wagonjwa toka mkoani, inayopikia shughuli, inayotunza yale makabati yaliyogoma kuingia kwenye lifti.

Lakini hapa watu wa kiwanja wasishangilie haraka. Wahindi wa Upanga na Kisutu wanakaa maflati vizazi na vizazi, wanazaa, wanaoza, wanazika, na hujawahi kusikia wakilalamika kwamba ghorofa halina pa kuweka msiba. Sababu ni kwamba ule uwanja wameutoa nje ya nyumba wakaujenga pamoja: Ismailia wana jamatkhana yao ya ibada, Ithnaasheri wana msikiti wao na imambara, ukumbi wao wa dini, kuna kumbi, kuna watu wa kupika, kuna kamati za maziko. Nyumbani ni pa kulala. Sisi wengine tunanunua flati kama wao bila kuwa na hiyo mipango ya pembeni, kisha tunasema ghorofa halitufai. Magomeni Kota napo nafuatilia kwa hamu, zile kaya 644 zilizoingia kwenye maghorofa mapya 2022 zilikuwa watu wa kota wanaojuana toka zamani, na hao ndo wanaweza kutufundisha kitu kuliko Masaki ambako ukikaa ghorofa ya saba jirani yako unamjua kwa sauti ya televisheni yake.

Kodi ya nyumba nayo kidogo. Zamani wapangaji wa Masaki walikuwa wanatajiwa bei kwa dola kama vile wako nchi nyingine, kanuni za 2025 zimepiga marufuku kutangaza na kulipana kwa fedha za kigeni humu ndani, kwa iyo saivi unatajiwa shilingi, ila kaa chonjo na mwenye nyumba anayekwambia shilingi huku kichwani anahesabu dola, mkataba ukiisha ndo utamjua.

Msimamo wangu? Kama kazi yako iko mjini na una watoto wa shule, panga ghorofani na usione aibu, kiwanja chako cha pembezoni kama unacho kikusubiri taratibu na mwembe wake. Kununua ni pale tu wanapokuonyesha yunit taito yenye namba, chama cha wamiliki kinachokaa vikao, na taarifa ya benki ya sevis chaji yenye akiba ya kubadilisha lifti. Wakianza kukuzungusha kwa hiyo taarifa ya benki, ondoka, hata kama bahari inaonekana mpaka kisiwa cha Mbudya. Wa diaspora anayetaka kufunga mlango na kuondoka bila kumwachia mjomba hela za kujenga, yeye namwelewa akinunua, hela ya sevis chaji kwake ni ndogo kuliko hela ambayo mjomba angekula.

Na hiyo bei ya milioni mia nne usidhani imeandikwa kwenye jiwe. Sehemu kubwa yake ni foleni. Njia ya Mwendokasi ya Bagamoyo Road mpaka Tegeta ikija kutembea inavyotakiwa, mabasi ya kutosha na sio watu kusukumana mlangoni kama Kimara, mtu wa Goba akafika Posta bila kuamka na majogoo, developa wa Upanga itabidi atafute kitu kingine cha kutuuzia.