Presha ni ya damu au ya maisha?

Mwaka 1929, daktari Mwingereza aitwaye C. P. Donnison, aliyekuwa akifanya kazi Kavirondo Kusini nchini Kenya, alichapisha katika jarida la The Lancet vipimo vya presha vya Waafrika wapatao 1,000. Hadi umri wa miaka 40 hivi, presha zao zilikaribiana na za Wazungu. Baada ya hapo njia ziliachana. Ya Mzungu iliendelea kupanda kadiri alivyozeeka, ya watu wale ikawa inashuka. Kati ya wagonjwa 1,800 waliolazwa katika hospitali yake kwa miaka miwili, hakukuta hata mmoja mwenye presha ya kupanda.

Karne moja haijatimia tangu hapo. Leo Shirika la Afya Duniani limekuwa likiitaja Afrika kuwa miongoni mwa maeneo yaliyoelemewa zaidi na ugonjwa huu, na takwimu zake zilizosambaa sana zinasema asilimia 27 ya watu wazima wanao. Vizazi vitatu au vinne havitoshi kubadili damu ya watu. Kitu kingine kimebadilika, na nadhani kila mjadala kuhusu tofauti za presha kati ya jamii na jamii ungeanzia hapo.

Lakini kwa kawaida hauanzii hapo. Unaanzia Marekani, ambako imeonekana kwa miaka mingi kwamba Wamarekani Weusi wana presha kuliko Weupe, huwaanza mapema zaidi na huwaua zaidi. Kutokana na hilo ikazaliwa hoja ya asili, kwamba mtu mweusi ameumbwa hivyo. Katika miaka ya 1980 hoja hiyo ilipewa hata historia. Ilidaiwa kwamba katika merikebu za watumwa wengi walikufa kwa kiu na kuharisha, wakasalia wale ambao miili yao inashikilia chumvi, na wajukuu wao ndio wanaoteseka leo kwenye dunia iliyojaa chumvi. Ni simulizi inayoshika moyo, na ndiyo sababu imedumu. Mwanahistoria Philip Curtin aliichunguza mwaka 1992 na hakuona ushahidi wa kihistoria wa kuibeba.

Aliyeitikisa zaidi ni daktari Richard Cooper na wenzake wa Chicago. Waliwapima kwa utaratibu mmoja watu zaidi ya 10,000 wenye asili ya Afrika Magharibi, wakaanzia Nigeria na Kamerun, wakapita visiwa vya Karibi, wakaishia karibu na Chicago. Matokeo, yaliyotoka mwaka 1997, yalipanda kama ngazi: asilimia 16 Afrika Magharibi, 26 Karibi, 33 Marekani. Mwaka 2005 wakaongeza jamii za Wazungu kwenye ulinganisho. Nigeria ilikuwa na asilimia 13.5, Wamarekani Weusi 44, na Wajerumani 55. Wazungu wenyewe walitawanyika kuanzia 27 hadi 55. Kama rangi ya ngozi ndiyo ingekuwa mzizi wa jambo, Mjerumani angekuwa chini kabisa ya orodha hiyo na Mnigeria juu.

Utafiti ninaoupenda zaidi ni mdogo kuliko huo, na ulifanyika Kenya. Neil Poulter na wenzake waliwafuatilia Wajaluo waliotoka kijijini, kaskazini mwa Ziwa Victoria, kuhamia Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Ripoti yao ya mwaka 1990 ilionyesha kwamba presha za waliohama zilianza kupanda ndani ya miezi ya mwanzo. Uzito uliongezeka, na mkojo wao ukaonyesha kwamba sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, imezidi na potasiamu, madini ya matunda na mboga, imepungua. Watu ni walewale, ukoo ni uleule, na kilichobadilika ni mahali pa kulala na kinachoingia tumboni.

Wenye hoja ya asili wana majibu, na majibu yao yana uzito. Uchunguzi wa mapacha na familia unaonyesha kwamba kati ya asilimia 30 na 50 ya tofauti za presha baina ya mtu na mtu inatokana na urithi. Yeyote aliyemzika baba kwa kiharusi, kisha akaona ndugu zake wakianza vidonge mmoja baada ya mwingine, hahitaji mtafiti kumwambia kwamba ugonjwa huu hutembea na ukoo. Ila asilimia hizo zinaeleza kwa nini mimi na jirani yangu tunaoishi maisha yanayofanana hatulingani presha. Kuhusu kwa nini jamii yangu nzima haifanani na jamii nyingine, hazisemi kitu. Mbegu za aina mbalimbali zikipandwa shamba moja, tofauti za mimea zitatokana na mbegu. Mchanganyiko uleule ukipandwa kwenye shamba lenye rutuba na shamba lililochoka, tofauti ya shamba kwa shamba itatokana na udongo. Makosa mengi ninayoyasoma juu ya presha na rangi za watu yanatokana na kuchanganya maswali haya mawili.

Kufikia mwaka 2018 zilikuwa zimetambuliwa zaidi ya sehemu 900 za vinasaba zinazohusiana na presha. Kila moja huisogeza kwa kiasi kidogo mno, na utafiti mkubwa uliozitaja ulitegemea watu wenye asili ya Ulaya. Kwa hiyo asiyeamini asili hawezi kusema swali hili limefungwa. Mwafrika hajachunguzwa vya kutosha.

Na kuna jeni moja inayonizuia nisiegemee upande mmoja kabisa, nayo ni APOL1. Mwaka 2010 ilibainika kwamba aina zake fulani, zilizoenea kwa watu wenye asili ya Afrika Magharibi, huwakinga na namna fulani ya malale. Mtu akirithi kutoka kwa wazazi wote wawili, hatari ya figo kuharibika inaongezeka sana. Kwa miaka mingi madaktari waliamini kwamba presha ndiyo inayoua figo za wagonjwa Weusi, kumbe kwa baadhi yao figo ziliharibika kwa sababu ya jeni, na figo mbovu nazo hupandisha presha. Hapa asili ina sauti, lakini inazungumza kupitia jeni inayojulikana kwa jina, ambayo aina zake za hatari Waafrika wengi hawakuzirithi kwa wazazi wote wawili. Rangi ya ngozi haikuambii nani anazo.

Dawa nazo zina neno. Jaribio la CREOLE, lililofanyika Nigeria, Kamerun, Kenya, Uganda, Msumbiji na Afrika Kusini na kutangazwa mwaka 2019, liliwagawa wagonjwa 728 katika makundi matatu, kila kundi likipewa dawa mbili kwa pamoja. Makundi mawili yaliyokuwa na amlodipine, dawa inayolegeza mishipa ya damu, yalishusha presha vizuri kuliko lisilokuwa nayo. Huo ni ujuzi wa kutumiwa kesho asubuhi kliniki. Hata hivyo ni wastani wa kundi. Aliyeketi mbele ya daktari anaweza kuwa nje ya wastani huo, na kinachomfaa ni kupimwa tena baada ya wiki chache.

Takwimu zenyewe, kabla ya kuzijengea nadharia, zinataka kuangaliwa kwa makini. Mwaka 2017 vyama vya madaktari wa moyo Marekani viliteremsha mpaka wa ugonjwa kutoka 140/90 hadi 130/80, na kwa uamuzi huo tu asilimia ya wagonjwa nchini humo ikaruka kutoka 32 hivi hadi 46. Mkanda wa mashine ukiwa mdogo kuliko mkono, kipimo kinapanda. Aliyepanda ngazi mbio asipumzike, kipimo kinapanda. Kuna na umri: mwaka 1990 wenye presha duniani, wa miaka 30 hadi 79, walikuwa kama milioni 650, na mwaka 2019 wakafika bilioni 1.28. Idadi imekaribia kuwa maradufu, lakini ukisawazisha umri, kiwango chenyewe hakijasogea sana, karibu theluthi moja ya watu. Tumeongezeka na tumezeeka. Ndani ya wastani huo uliotulia, nchi zimepishana. Kanada, Uswisi na Peru zina viwango vya chini. Hungaria na Poland ziko juu kwa wanaume, Jamaika na Paraguay kwa wanawake. Orodha hiyo haifuati rangi ya watu wala utajiri wa nchi.

Geoffrey Rose, mtaalamu wa magonjwa ya jamii wa London, aliweka mchoro wa presha za wafugaji wa kuhamahama wa Kenya kando ya ule wa watumishi wa serikali wa London. Ilikuwa mwaka 1985. Michoro ile ilifanana umbo, ila ule wa London ulikuwa umesogezwa mzima kwenda juu. Akasema kuuliza kwa nini huyu anaumwa na kuuliza kwa nini jamii hii inaumwa ni maswali mawili, na yana majibu tofauti. Nimekuwa nikirudi kwenye hoja hiyo kwa sababu inawapa wote wawili nafasi yao: urithi unaamua wewe utakaa wapi kwenye mchoro, maisha yanaamua mchoro wenyewe utakaa wapi.

Hofu yangu ni matumizi ya hoja ya asili. Serikali ikishaamini kwamba watu wake wamezaliwa na presha, haioni haja ya kugusa chumvi ya viwandani. Mgonjwa naye, akishaambiwa ni ya ukoo, humeza kidonge siku anazojisikia vibaya. Lakini hata hoja ya maisha hutumiwa vibaya. Nimesikia watu wakikataa dawa kwa kuwa presha ni mawazo na vyakula tu, wakaja kuamka upande mmoja wa mwili hausogei. Aliyefika 180/110 anahitaji dawa sasa, hata kama kilichomfikisha hapo ni udongo wa shamba zima. Na mwaka 2019, kati ya watu watano wenye presha duniani, ni mmoja tu aliyekuwa ameidhibiti.

Binadamu kwa wastani hula chumvi karibu gramu 11 kwa siku, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya 5. Katika vijiji 600 vya China, nusu ya vijiji vilipewa chumvi ambayo robo yake imebadilishwa kuwa kloridi ya potasiamu. Waliofuatiliwa walikuwa karibu 21,000, waliowahi kupata kiharusi au wazee wenye presha. Matokeo ya mwaka 2021, baada ya takriban miaka mitano, yalikuwa kiharusi pungufu kwa asilimia 14. Ningependa kuona chumvi hiyo ikienea. Ila wenye ugonjwa mkubwa wa figo hawakuingizwa kwenye jaribio, kwa kuwa figo dhaifu hushindwa kutoa potasiamu, nayo ikizidi mwilini inaweza kusimamisha moyo. Kwenye jamii ambazo aina zile za APOL1 zimeenea na wengi hawajawahi kupimwa figo, kipimo hicho kitangulie, chumvi ifuate.